Breki zilifeli ghafla. Ghafla ya tangu lini?

Simu ya kwanza niliyopiga siku ile, mikono bado inatetemeka, ilikuwa ya mjomba wangu wa Malaba, kule mpakani mwa Kenya na Uganda. Nikamwambia mjomba, breki zimenifelia ghafla nikishuka kutoka Kapchorwa, kule mlimani mashariki ya Uganda. Hakuniambia pole. Aliuliza gari imesimama wapi, nimeweka jiwe kwenye tairi ama bado, watu wameshatoka ndani ama bado, na nilipomjibu yote akanyamaza kidogo kisha akasema, "Ghafla ya tangu lini, mjomba?"

Huyu mzee ameendesha malori ya Mombasa-Kampala miaka mingi sana, tangu ile barabara inakula watu vibaya mno, na sasa amestaafu, goti linamsumbua, anakaa nyumbani anasikiliza magari ya wengine yakipita kwenda mpakani. Ukiwa umekaa naye nje anaweza kukwambia lori lile breki za nyuma zimechoka, na hajaliona, amelisikia tu. Zamani nilikuwa nadhani ni mazoea ya uzee. Siku ile, nimekaa pembeni ya barabara chini ya Sipi, mji mdogo wa njiani, na shangazi yangu analia polepole, ndio nilielewa kwamba mzee ananiuliza swali la kweli na anataka jibu.

Kwanza niwaambie ilivyokuwa. Gari ni Corolla ya miaka ya tisini, ile tunayoita kikumi, otomatiki. Tulikuwa watu watano, tumetoka kwenye shughuli ya familia, na kwenye buti kuna mikungu mitatu ya matooke na gunia la viazi. Wanaoijua hiyo barabara wanajua, kutoka Kapchorwa mpaka usawa wa Mbale unashuka kama mita 800 hivi, kona juu ya kona, na upande mmoja ukiangalia chini unaona mashamba ya watu yamekuwa madogo kama leso. Mimi niliweka D nikaanza kushuka mguu kwenye breki, nabonyeza naachia, nabonyeza nashikilia, kama vile naendesha mjini. Tulipoipita Sipi pedali ikaanza kuwa laini. Sio kwamba ilikataa mara moja, hapana, ilikuwa inaenda chini zaidi kila nikibonyeza, kama unakanyaga matope, halafu kwenye kona moja ikaenda mpaka sakafuni na gari haikupunguza chochote.

Nilipampu haraka haraka ikarudi kidogo, nikashusha gia kwenda 2, gari ikaguna, spidi ilipopungua nikaweka L, halafu nikavuta hendibreki polepole kidole kikiwa kimebana kile kitufe ili isijifunge tairi za nyuma zikateleza. Hendibreki ilinisaidia kwa sababu yenyewe haitumii mafuta, inavutwa na waya mpaka kwenye tairi za nyuma, hata mafuta ya breki yakiharibika yote waya bado upo. Nikaisogeza gari upande wa mlima, tairi zikaingia kwenye mfereji, tukasimama. Hakuna aliyeumia. Nasema hivyo mapema ili msome yanayofuata mkiwa mmetulia, manake mimi siku ile sikutulia.

Sasa maswali ya mjomba.

La kwanza: wakati unashuka ulinusa nini? Nikakumbuka kweli kulikuwa na harufu, kali, kama mpira na nywele zimeungua pamoja, na shangazi alisema kuna mtu anachoma takataka huko shambani, tukafunga vioo. Tulifunga vioo. Harufu ilikuwa yetu wenyewe, tumeibeba tunashuka nayo, na badala ya kusimama tukaifungia nje. Mjomba akaniambia nizunguke gari nipitishe mkono karibu na kila rimu, bila kugusa. Tatu hazikuwa na joto la kunishtua. Ya mbele kulia nilirudisha mkono haraka, ilikuwa kama jiko. Kijana mmoja wetu alishashika jerikeni ya maji anataka kumwagia, mjomba akasikia kwenye simu akapiga kelele, usimwage! Diski, ile sahani ya chuma inayozunguka na tairi, ikiwa na moto hivyo ukiimwagia maji baridi inaweza kupinda au kupasuka. Iache ipoe yenyewe.

La pili: kabla ya leo ilikuwa inavuta upande? Ndio, ilikuwa inavuta kushoto nikibonyeza breki kwa nguvu, na mimi nilishaenda kulipia wili alaimenti, yaani kunyooshewa tairi, nikaambiwa tayari, ikaendelea kuvuta. Hapa nataka mnisikilize vizuri. Gari ikivuta upande hata ukiwa unaenda tu bila breki, hapo angalia upepo wa tairi, angalia alaimenti. Ila ikivuta pale tu unapobonyeza breki, hiyo ni breki inazungumza, upande mmoja unashika kuliko mwingine, na gari inakimbilia kule kunakoshika. Yangu ilikuwa inakwenda kushoto kwa sababu kulia kulikuwa kumekufa, na nitawaambia kumekufa vipi.

La tatu lilikuwa la sauti, na hapa ndipo niliona aibu mpaka leo nikikumbuka. Karibu mwezi mzima, kila nikikaribia ile raundabauti ya mnara wa saa pale Mbale, spidi ikiwa ndogo, kulikuwa na mlio mwembamba, kiiiii, kama filimbi. Nikiachia breki unanyamaza. Nilimuuliza mwenzangu kazini akasema ni vumbi hilo, nikaamini kwa sababu ndicho nilichotaka kusikia, nikaongeza redio. Kumbe pedi nyingi, vile vipande vinavyobana diski, zina kibati kidogo pembeni, kimewekwa makusudi, pedi ikiisha mpaka milimita 2 au 3 kile kibati kinaanza kugusa diski kinalia. Pedi mpya huwa na kama milimita 10 hivi. Yaani mtu aliyeitengeneza alikaa akafikiria wewe ambaye hutawahi kuinama kuangalia, akakuwekea kengele, na mimi hiyo kengele niliifunika na muziki. Na pedi nyingi za bei rahisi hazina hata hicho kibati, kwa hiyo usikae ukisubiri mlio ndio uamini.

Baadaye ule mlio uliisha, nikafurahi, nikadhani vumbi limetoka. Baada ya siku chache ikaja sauti nyingine nzito, grrrr, ya kukwaruza, unaisikia mpaka kwenye mguu. Ile ya kwanza inakwambia una muda kidogo, nenda wiki hii. Hii ya pili ni chuma kinakula chuma, pedi imeisha kabisa na sasa unasaga diski, kila kilomita unayoendesha unaongeza bili, na kusimama unasimama kwa bahati. Tofautisha tu na ule mkwaruzo wa asubuhi baada ya mvua, gari ikilala nje diski inashika kutu nyembamba usiku, ukibonyeza breki mara mbili tatu inasuguka inaisha. Huo sio ugonjwa. Usipoisha, ni ugonjwa.

Swali la nne ndilo lililomfanya mjomba apumue kwa nguvu. Mafuta ya breki, uliyagusa? Nikamwambia ndio mjomba, ile taa nyekundu ya duara yenye alama ya mshangao iliwaka kwenye dashibodi nikiwa nakata kona, nikafungua boneti nikakuta kikopo kimeshuka, nikanunua chupa ya elfu 15 nikajaza, taa ikazima. Nilisema hivyo kwa fahari kidogo, kama mtu aliyetunza gari yake.

Mafuta ya breki hayapungui kwa kutumika kama petroli. Ule mfumo umefungwa. Yakipungua kuna sababu mbili za kawaida, ama yanavuja mahali, ama pedi zimekuwa nyembamba, pistoni imesogea mbele kufuata pedi na mafuta yameingia kujaza ile nafasi nyuma yake. Kwa hiyo ile taa haikuwa inaomba mafuta. Ilikuwa inasema pedi zinaisha ama kuna mvujo, angalia. Mimi nikaijazia mdomo ikanyamaza. Ukitaka kuongeza, ongeza, lakini siku hiyo hiyo tairi zitolewe zikaguliwe na mabomba yaangaliwe, usiongeze tu ukaenda zako. Na rangi je? Mjomba aliniambia nifungue niangalie. Mafuta mapya yana rangi kama ya asali nyepesi. Yangu yalikuwa kama chai ya rangi iliyolala.

Hapa ndipo penye siri ambayo watu wengi hawajui na ndiyo inayowaua, niacheni niende polepole. Mafuta ya breki yanavuta maji kutoka kwenye hewa. Sio kwa sababu ni mabovu, ndivyo yalivyo, mwaka hadi mwaka yanavuta unyevu kupitia kwenye hozi na kwenye kifuniko. DOT 3, aina moja ya mafuta ya breki, ikiwa mpya haichemki mpaka joto lifike angalau nyuzi 205. Ikishavuta maji kiasi, inaweza kuchemka kwenye 140 tu. DOT 4 mpya ni 230, ikishavuta maji inashuka mpaka kama 155. Sasa kwenye mteremko mrefu, mguu uko kwenye breki, joto la diski linapita kwenye pedi linaingia kwenye kalipa, kile chuma kinachobana pedi, na mafuta yaliyomo mle yanachemka, yanatoa mapovu ya mvuke. Mafuta hayabanwi, ndio maana ukibonyeza pedali nguvu inafika kwenye tairi. Mvuke unabanika. Unabonyeza, unabana mapovu tu, pedali inaenda sakafuni na tairi haijui kama kuna mtu anaomba isimame.

Halafu ikipoa, mvuke unarudi kuwa maji na mafuta, pedali inarudi ngumu kama kawaida! Sisi tulikaa pale karibu saa nzima, nikabonyeza, ikawa nzuri kabisa, juu na ngumu. Shangazi akasema Mungu mkubwa imepona, twendeni kabla giza halijaingia. Na mimi ningekwenda, nasema ukweli, kama simu ya mjomba isingekuwa bado iko hewani ningekwenda. Fikiria ni wangapi wamesimama pale pale, gari "ikapona", wakapanda tena, na kona mbili mbele ikaugua tena. Na ukiipeleka garaji ikiwa imepoa makanika anabonyeza anasema mbona ziko sawa, halafu watu wanaanza kusema kuna mahali pana mashetani. Hakuna shetani, kuna mafuta ya zamani. Wengi wanashauri yabadilishwe yote kila miaka 2, yatolewe kabisa, sio kuongezea juu.

Gari ililetwa chini na brekidauni, usiku, na sisi tukateremka na taxi. Kesho yake mjomba alipanda taxi kutoka Malaba akapita Tororo mpaka Mbale na goti lake hilo hilo, nilimkatalia akaja. Makanika kijana, mwenye heshima, akachungulia kwenye matundu ya rimu na tochi ya simu akasema, "Mzee, pedi bado ziko fiti, ona." Na kweli, ukichungulia unaiona pedi nene. Mjomba akamwambia, "Mwanangu, hiyo unayoiona ni ya nje. Toa tairi."

Tairi ikatoka, kalipa ikafunguliwa. Pedi ya nje ilikuwa na nyama ya kutosha, labda milimita 6. Ya ndani, ile inayotazama upande wa injini ambayo huwezi kuiona bila kutoa tairi, ilikuwa chuma kitupu, na diski imechimbwa mistari upande ule. Zile pini zinazoifanya kalipa iteleze zilikuwa zimekauka na kutu, hazisogei, kwa hiyo pedi ya ndani peke yake ndiyo ilikuwa inafanya kazi na tena haiachii vizuri, inasugua hata nikiwa sijabonyeza. Ndio harufu. Ndio ile rimu ya moto. Ndio mafuta kuchemka. Pini mbili, ambazo zinatolewa, zinasafishwa, zinapakwa grisi yake ya breki isiyoyeyuka kwa joto, kazi ya dakika chache. Ukienda kubadilisha pedi mwambie makanika aziteleze mbele yako uone, wengi wanapachika pedi mpya wanafunga. Na pembeni ya diski mara nyingi kumeandikwa unene wa mwisho kabisa unaoruhusiwa, ipimwe. Yangu ilishapita, ikatupwa, nikanunua mbili, manake diski na pedi hazinunuliwi za upande mmoja, unabadilisha kulia na kushoto pamoja.

Nilidhani tumemaliza. Wakaanza kutoa mafuta ya zamani na kutoa upepo, mmoja ndani anapampu pedali, mwingine chini anafungua ile nipo, kiskrubu cha kutolea mafuta pale kwenye tairi. Nyuma kushoto yakatoka meusi. Nyuma kulia halikutoka hata tone. Kijana akadhani nipo imeziba, akaitoa, hakuna kitu. Akalala chini akafuata lile bomba la chuma kwa kidole mpaka mahali fulani akanyamaza. Akatoka akamwita mjomba bila kusema neno. Bomba lilikuwa limekunjwa, halafu likagongwa nyundo likalala kabisa.

Mtu fulani kabla yangu alikuwa na wili silinda inayovuja, ile silinda ndogo inayosukuma breki ya tairi la nyuma, mpira wake wa ndani umekufa, kitu cha bei ndogo sana, na huenda alikuwa njiani usiku anataka tu kufika nyumbani, akaikunja bomba ili mafuta yasimwagike kwenye tairi moja yakaisha yote. Kufika nyumbani naelewa. Lakini alifika, akalala, akaamka, akaiuza gari hivyo hivyo. Mimi nimeiendesha miaka miwili, nimebeba watoto wa ndugu zangu, nimebeba mama, kwa breki za tairi tatu. Nilitoka nje nikakaa kwenye tairi la zamani. Kwa hiyo yeyote anayenunua gari iliyotumika, hata kama dashibodi inang'aa na injini haina mlio, mwambie makanika wako mwenyewe atoe mafuta ya breki kwenye tairi zote nne mbele yako. Tone likikataa kutoka kwenye moja, uliza kwa nini.

Kuna dalili nyingine ambazo mimi sikuzipata ila mjomba alinipa pale pale tukisubiri spea, nazipitia haraka. Ukisimama mguu uko kwenye breki na pedali inazama polepole yenyewe kama inasinzia, na hakuna mvujo nje, masta silinda, ile pampu kuu inayosukuma mafuta ya breki, inavuja kwa ndani. Pedali ikiwa ngumu kama jiwe, unakanyaga kwa mguu mzima gari inasimama kwa shida, angalia ile servo inayosaidia mguu. Hiyo unaipima hivi, zima gari, bonyeza mara nne tano mpaka iwe ngumu, shikilia, washa injini, inatakiwa ishuke kidogo chini ya mguu, isiposhuka kuna shida. Stering na pedali zikitetemeka ukipunguza kutoka spidi kubwa, diski haiko sawa unene. Hendibreki ikianza kupanda juu sana kuliko ulivyoizoea, viatu vya breki za nyuma vimeisha au vinahitaji kukazwa. Na hozi za mpira karibu na tairi, zikunje kidogo uangalie nyufa, maana hizo ndizo zinazopasuka siku unayobonyeza kwa nguvu zote.

Kuhusu spea, kuna duka nilipewa pedi kwenye boksi zuri sana, mjomba akaipitisha kucha pale nyama inaposhikana na bati, kukawa na mwanya. Akairudisha mezani. Na msikubali mtu awatilie mafuta ya injini au ya stering kwenye kikopo cha breki eti yanafanana, yanaivimbisha mipira yote ya ndani na hapo unabadilisha mfumo mzima. Trafiki akikusimamisha akakuandikia ile ya DMC, yaani gari bovu la hatari, kwa sababu ya breki utalalamika njia nzima, lakini yule afande hawezi kusikia kile unachokisikia wewe kila siku saa moja asubuhi ukiwa peke yako ndani ya gari. Wewe ndiye uliye karibu nayo.

Na ule mteremko wenyewe. Mjomba anasema gia uliyopandia ndiyo utakayoshukia, madereva wa malori wote wanaijua hiyo, sisi wa otomatiki tunaona haituhusu. Inatuhusu. Weka 2 kabla hujaanza kushuka, sio ukishachemsha, injini ibebe uzito, breki ubonyeze kwa nguvu kidogo upunguze halafu uachie zipumue, usiushikilie mguu juu kilomita nzima. Spidi ikizidi mara mbili, joto ambalo breki zinatakiwa kulimeza ili usimame linazidi mara nne, na hilo ni kabla hujahesabu matooke.

Baada ya wiki tatu tulirudi Kapchorwa, shangazi alikataa kupanda mpaka mjomba alipokaa mbele. Tulishuka kwenye 2, malori yanatupita na mimi sikujali. Chini ya Sipi, karibu na ule mfereji, mjomba akasema simama. Nikasimama, nikazunguka gari, nikapitisha mkono karibu na rimu, mbele kulia, mbele kushoto, nyuma kushoto, nyuma kulia. Joto lilikuwa lile lile kote. Nilirudia ya nyuma kulia mara mbili.